Jani Lililobaki Tumboni mwa Mashine

Watu wananiita Mama Fotokopi, ingawa sijazaa. Jina nilipewa na wanafunzi wa sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa sikulipinga siku ya kwanza, likaganda. Nina chumba kimoja chenye dirisha la kuhudumia wateja, meza, kompyuta ya kizee, na mashine ya fotokopi niliyoishi nayo miaka tisa. Naijua kwa mlio. Ikikohoa, karatasi zimeshika unyevu. Ikinguruma bila kutoa kitu, kuna jani limekwama nyuma ya rola. Nikiipiga kofi ubavuni ni hasira zangu tu, haisaidii chochote.

Mitihani yote ya shule ile ilichapwa kwangu, na ilikuwa na utaratibu wake. Karani wa shule, mwanamama mwembamba asiyecheka hata ukimtekenya, anakuja na bahasha yenye lakiri. Tunafunga mlango na dirisha, anakaa kwenye kigoda mbele ya mashine mpaka nakala ya mwisho itoke. Nzuri anazihesabu mara mbili. Zilizoharibika zinaingia kwenye gunia, na gunia analibeba mwenyewe kwenda kulichoma nyuma ya jiko la shule. Kabla hajatoka, hata kama ameleta karatasi moja tu, huniuliza swali lile lile: "Hamna kilichobaki?" Nami humjibu, "Hamna." Miaka tisa jibu hilo lilikuwa la kweli.

Sasa huyu Chiriku. Ni binti wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori ya safari ndefu, na tangu mkewe afariki mtoto nakaa naye mimi. Chiriku tulimwita kwa sababu ya mdomo. Anaamka anaongea, anapiga mswaki anaongea, ukimwambia anyamaze anakueleza kwa nini hawezi kunyamaza. Anataka kuwa nesi, na nesi mwenye mdomo ule angewaponya wagonjwa kwa kuwachosha. Ila chuo cha uuguzi kinataka Hisabati, na Chiriku na Hisabati hawapikiki chungu kimoja. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Thelathini na tatu, tukashangilia.

Mimi nilikwama hapo hapo. Uuguzi niliutaka kabla yake, Hisabati ikanifungia mlango, na tangu hapo kazi yangu ni kutoa nakala za vyeti vya wenzangu. Kila nikiweka cheti cha mtu kwenye kioo cha mashine, roho inanicheka. Nasema haya ili mjue nilikuwa na kidonda, siyo ili mnisamehe.

Mwalimu wao wa Hisabati wanamwita Mwalimu Hatua, kwa sababu jibu tupu halimtoshi, lazima aone umepita wapi. Yeye mtihani wa majaribio anautumia kwa namna yake. Wakishaufanya, anakaa na kila karatasi, anaandika pembeni mtoto ameteleza wapi na kwa nini. Wale walio chini ya arobaini, ishirini wa mwisho, anawaingiza kwenye darasa la asubuhi, kabla ya kengele, wiki saba mfululizo mpaka mtihani wa taifa. Kila mmoja anafundishwa kutokana na makosa yake mwenyewe. Wengi waliofaulu mikononi mwake walipita humo. Mimi nililiona darasa hilo kama aibu. Kila mwaka orodha yake ilitolewa nakala kwangu, na kila mwaka niliwahurumia wazazi wa waliomo.

Siku ya kuchapa Hisabati ya majaribio, karani alifika saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimetoa kama nakala kumi za ukurasa wa tatu, wenye sehemu B na maswali yake sita mazito, mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Hatua mwenyewe, jasho linamtiririka, ana ukurasa mwingine mkononi.

"Simamisha, Mama. Swali la kumi na tatu nimelibadilisha namba. Lile tangi linafanana mno na la kitabuni, na hawa watoto nawajua, watakariri."

Karani akasonya kidogo, maana ratiba yake imevurugwa. Zile nakala za mwanzo zikaenda kwenye gunia bila kuhesabiwa, kwa kuwa zote zilishakuwa taka. Nikachapa ukurasa mpya. Saa sita tukamaliza, karani akauliza swali lake, nikamjibu, akaondoka na bahasha kwapani na gunia begani.

Alasiri akaja mteja na cheti cha kuzaliwa. Mashine ikanguruma bila kutoa kitu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikapenyeza vidole, nikavuta. Likatoka jani limejikunja kama kitambaa cha kufutia meza. Nikalinyoosha gotini. Sehemu B, maswali sita, alama sitini kati ya mia.

Nilitakiwa kuvuka barabara pale pale na kumpelekea karani. Hata kufunga duka nisingehitaji, lango la shule linaonekana kutoka dirishani kwangu. Nilimhudumia mteja, nikamtakia siku njema, jani nikalitia kwenye droo chini ya boksi la vibanio. Nilijiambia kwamba haya ni majaribio tu, siyo mtihani wenyewe, kwa hiyo hata nikikosea nimekosea kwa majaribio. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Nikayanakili maswali kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na Chiriku aliporudi nikampa.

"Kuna mteja kaacha maswali ya shule nyingine. Ya zamani. Hebu jaribu."

Alikaa nayo mezani saa nzima, anaongea na namba kama mtu anayebembeleza mtoto. Alipata moja, tena nusu.

"Haya magumu, shangazi. Lakini mazuri. Kesho nitamwuliza Mwalimu Hatua."

"Hapana! Mwalimu ana kazi zake, umwache."

"Yeye anapenda kuulizwa."

"Nimesema umwache!"

Akanitazama kwa mshangao, akaufyata mdomo. Kesho yake nilimngoja mteja wangu mmoja, mpima ardhi anayeleta ramani zake kupunguzwa. Akayafanya maswali yote sita akiwa amesimama dirishani, chai yake haijapoa. Nikamletea Chiriku.

"Hapa kwenye tangi amepataje?" akauliza. "Kazidisha hivi vitatu, sawa, halafu hii elfu imetoka wapi?"

"Usiulize imetoka wapi. Wewe kariri."

"Nikariri maswali ya zamani ya shule nyingine?"

"Kukariri ni mazoezi pia."

Siku nne, kila asubuhi kabla ya uji na kila jioni kabla ya chakula, nilimsikiliza nikiwa nimeshika ile karatasi. Tangi lina urefu wa mita tatu, upana mita mbili, kina mita moja na nusu, bomba linaingiza lita sitini kwa dakika, litajaa kwa dakika mia moja na hamsini. Mpaka mimi mwenyewe nikayajua. Namba niliyoitamka vibaya alinisahihisha akicheka. Namba zile zilikuwa za jani langu la droo, na yale mabadiliko ya Mwalimu Hatua, niape kwa lipi mniamini, yalikuwa yamenitoka kichwani kabisa.

Siku ya mtihani alirudi saa nane. Akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa."

Nikangoja yaliyobaki. Hayakuja. Alinitazama kidogo, siyo kwa hasira, ila kama mtu anayekumbuka uso aliouona mahali, akaenda kuoga. Nikajua kwamba amejua. Ningeweza kusema kitu jioni ile. Nilimpakulia nyama nyingi kuliko kawaida.

Siku kumi nyumba ilinyamaza. Nilianza kusikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, bomba la jirani, saa ya ukutani, kijiko changu mwenyewe kwenye kikombe. Alikuwa akisalimia vizuri, "Shikamoo shangazi," akila vizuri, akiosha vyombo bila kuambiwa. Binti mwenye adabu kama huyo wapo wanaomwomba Mungu awape, na mimi nilikuwa namwogopa.

Matokeo yakatoka. Chiriku, sabini na nne. Wa tano katika kidato kizima. Jumapili kaka alipiga simu akiwa njiani, nikamweleza, akapiga honi ya lori mpaka nikaondoa simu sikioni. "Nesi wangu! Mpe simu nesi wangu!" Chiriku akasema, "Asante, baba," akanirudishia simu haraka kama imemchoma. Kaka akaniambia mimi ndiye mama aliyembakia yule mtoto. Nikaitikia.

Jumatano wakarudishiwa karatasi. Chiriku aliingia, akaiweka yake mezani mbele yangu, akaifungua ukurasa wa sehemu B.

"Soma hapo, shangazi."

Swali la kumi na tatu. Jibu lake, kwa mwandiko wake mzuri wenye duara: dakika mia moja na hamsini. Pembeni, kwa wino mwekundu wa Mwalimu Hatua, hakukuwa na alama ya kosa. Kulikuwa na sentensi moja. *Hili ni jibu sahihi la swali ambalo sikuuliza.*

Tangi la kwanza lilionwa na watu watatu tu, mwalimu, karani na mimi. Nikamkumbuka amesimama mlangoni na jasho lake, na ukurasa mpya mkononi.

"Hukuona kwamba namba imebadilika?" nilimwuliza. Hilo ndilo lililonitoka kinywani, Mungu anisamehe.

"Niliona."

"Sasa?"

"Niliona kina siyo mita moja na nusu tena, ni mita mbili. Nikakaa pale dakika kumi nzima. Sijui kufanya kwa mbili, shangazi. Najua kwa moja na nusu tu. Nikaandika ninachokijua."

Nilijitia kupanga vikombe.

"Mteja gani aliyaacha?" akauliza.

Vikombe vilikuwa vinne, nikavipanga, nikavipangua.

"Mimi nilijua nitaanguka," akasema. "Nilitaka nianguke, Mwalimu Hatua aone nimeangukia wapi. Ndiyo kazi ya ule mtihani. Sasa anajua nini kuhusu mimi? Hajui chochote. Hata mimi sijui."

Badala ya kukubali, nikapandisha. Hasira ni ugonjwa wangu, na huja mbio zaidi nikiwa mkosaji. Nikamwambia baba yake anapigwa na jua barabarani, mimi nimezeeka kwenye harufu ya wino, na yeye anasimama hapa kunieleza kwamba alitaka kuanguka! Nilisema mengine ambayo sitayarudia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaingia chumbani. Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia.

Alhamisi saa nne karani alisimama dirishani na karatasi moja. "Nakala tatu. Ubao wa matangazo, ofisi, na Mwalimu Hatua. Wanaanza Jumatatu."

Ilikuwa orodha ya darasa la asubuhi. Niliiweka kwenye kioo, nikabonyeza, na nakala ya kwanza ilipotoka nikaisoma ingali ya moto. Majina ishirini. Nilisoma tena kuanzia chini. Miaka yote nimeiogopa orodha ile, na sasa nilikuwa nalitafuta jina la mtoto wangu ndani yake kama mtu anayetafuta ndugu kwenye orodha ya walionusurika. Hakuwemo. Mwenye sabini na nne anaingizwaje darasa la wanaozama? Wiki saba angekaa nje, adabu zake mkononi, akilijua tangi moja la kina kimoja, kisha aende kwenye mtihani wa taifa ambako hakuna shangazi mwenye droo.

Karani alizihesabu nakala zake. Tatu. Akazihesabu tena. Akauliza, kwa mazoea tu, macho yake yameshaelekea barabarani:

"Hamna kilichobaki?"

"Kipo," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. Nikavuta droo, nikaondoa boksi la vibanio, nikamwekea lile jani dirishani, na mikunjo yake yote. Aliligeuza pande zote mbili. Nilingoja anitukane, na nadhani ningeshukuru.

"Funga duka," akasema.

Tukavuka barabara pamoja, yeye mbele mimi nyuma.

Ofisini kwa mwalimu mkuu nilieleza yote, na jani, na mpima ardhi, na siku nne za kukariri. Mwalimu mkuu ni mtu mzito asiyeinua sauti. Aliniuliza swali moja tu, binti alijua? Nikajibu hakujua mpaka alipofungua karatasi ya mtihani. Mwalimu Hatua alikuwa amesimama karibu na kabati. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

"Nilikuwa nahesabu siku tangu niandike ile sentensi," akasema. "Leo ya saba. Ijumaa ningekuja mwenyewe."

"Mwalimu, naomba radhi. Nilitaka afaulu."

"Afaulu nini?" Alinisogelea hatua moja, na mimi niliyezoea kufoka nikajikuta nimerudi nyuma. "Ule mtihani haufauliwi, Mama. Hauna cheti. Naufanya ili mtoto akosee hapa, mbele yangu, wakati bado naweza kumshika mkono. Wewe umemfunika. Ni kama umempeleka hospitali ukampa daktari damu ya mtu mwingine apime."

Na haya aliniambia mimi niliyetaka kuwa nesi.

Uamuzi haukuchukua muda. Alama za Chiriku za sehemu B zilifutwa. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kwamba maswali hayakufika kwa wengine, kidato kizima kingerudia sehemu B Jumamosi, maswali mapya, yachapwe kwingine. Kwangu hayatachapwa tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikauliza nililokwenda kuuliza.

"Na darasa la asubuhi?"

"Viti ishirini, watoto ishirini," akasema mwalimu mkuu.

Mwalimu Hatua alikuwa analikunja lile jani mikunjo midogo midogo. "Jumla yake ikishuka chini ya arobaini Jumamosi, aje na kigoda chake," akasema, bila kunitazama.

Jina langu halikutangazwa, kwa ajili ya mtoto, lakini saa saba mchana shule nzima ilijua. Wanafunzi mia na ishirini waliporwa Jumamosi yao, na hawakumlaumu mwenye mashine, walimlaumu aliyekaa nao darasani. Walimfichia daftari. Wakamwita Sabini na Nne. Kwangu walipita dirishani wakiuliza, "Mama Fotokopi, mteja hajaacha maswali leo?" na kukimbia wakicheka. Mimi nilistahili. Yeye alipita katikati yao asubuhi na jioni, kichwa juu, na hakuniletea hata lalamiko moja.

Jumapili nikamweleza kaka. Hakupiga kelele. Akasema atapiga siku nyingine.

Karatasi ya Chiriku Mwalimu Hatua aliisahihisha kwanza, Jumamosi ile ile, na jumla alipata ishirini na sita. Aliileta karatasi mwenyewe, imejaa wino mwekundu kuliko bluu, mishale, maneno pembeni, "rudi hapa", "ulikuwa karibu", "elfu hii inatoka wapi?" Akaniuliza kama anaweza kuchukua kigoda cha dukani, kile alichokuwa anakalia karani. Nikakifuta vumbi, nikampa. Jumatatu alikibeba kichwani, akavuka barabara nacho kabla jua halijachomoza vizuri, na wapo waliompigia miluzi.

Sasa ni wiki ya tatu. Amerudi kuongea, lakini anaongea na marafiki wawili waliombakia, na baba yake kwenye simu, na namba zake. Nasikia kutoka jikoni. Mwalimu Hatua amempa tangi lile lile kwa vina kumi tofauti, na bomba linaloingiza na linalovuja. Jana nilimsikia akijisemea, "Mjinga wewe, hii ni mita za ujazo, zigeuze kwanza lita," na baadaye kidogo akapiga meza kwa furaha. Kama atafaulu mtihani wa taifa, sijui. Wiki zimebaki nne na ameanzia mbali. Mashine yangu inatoa vitambulisho na ramani, na siku nyingine haitoi kitu.

Leo asubuhi nilimpelekea chai pale mezani. Alikuwa ameinamia karatasi, kalamu mdomoni. Niliposogea, mkono wake wa kushoto ukazunguka ile karatasi na kuifunika, kama wanavyofanya wanafunzi kwa jirani anayechungulia. Nadhani hata yeye hakukusudia. Tukautazama ule mkono sote wawili.

"Nimekuletea chai tu," nikasema.

"Najua, shangazi." Hakuuondoa. "Niache nikosee mwenyewe."

Nikakiweka kikombe mwisho kabisa wa meza, mbali na karatasi yake, nikaenda kufungua duka.